Kata

Kazi yangu ni kukumbuka.
Gwakisa, mwongozaji, anaiita mwendelezo;
mama anaiita umbea wa kulipwa.
Daftari la kaunta, kalamu mbili:
Sini ya kumi na nne. Mjane. Kanga imeangukia bega la kushoto.
Chai imefika kwenye ua la kikombe.
Muhogo umeumwa mara moja, upande wa mlangoni.

Tulikuwa Mbagala Kizuiani, uani kwa mzee Pazi,
tuliyemlipa elfu themanini
na ahadi kwamba choo chake hakitaonekana.
Turubai juu, viti vya plastiki thelathini na sita,
sufuria tupu mafigani, moshi wa makumbi mabichi.
Msiba ulikuwa tayari. Ulipungua maiti tu.

Gwakisa hufundisha akishikwa na njaa.
"Picha ya mbali inamweka mtu mahali.
Picha ya karibu inamwondoa mahali, inamwacha na uso wake.
Baina ya hizo mbili kuna mkasi,
na mkasi ndio unaosimulia."
Akachora mstari mchangani kwa kidole cha mguu,
kutoka kwa mjane hadi kwa shemeji mtu:
"Kamera isivuke hapa. Ikivuka,
waliokuwa wakitazamana watapeana visogo."
Kuku wa mzee Pazi akauvuka, akarudi, akauvuka tena.

Jua la saa saba halina adabu.
Rwegasira akaliinamisha kwa boksi la jokofu lililobandikwa foili,
likapanda toka chini hadi kidevuni kwa Devotha, limepoa.
Chande, maikrofoni kwenye mpini wa dekio,
alisikia tusiyoyasikia:
"Ngojeni. Nyumba ya tatu wanakuna nazi."
Tukangoja nazi iishe.

Sauti? Inakwenda. Kamera? Inakwenda.
Teki ya kwanza.
Devotha akalia kilio chake cha kitunguu.

Ndipo akaingia Bi Sikudhani,
ndoo ya bluu kichwani,
nyuma yake wanawake wanne, mmoja na mchele kwenye pindo.
Kamera ilikuwa nyuma ya mabati; hawakuiona.
Waliliona turubai. Mbagala, turubai ni barua tosha.
Akatua ndoo, akaketi mkekani, akamkumbatia mjane wetu,
akalia "mwanangu Tabu, mwanangu Tabu,"
jina lisilokuwemo kwenye mswada.
Rwegasira, bila kuambiwa, akasogea. Mbali. Karibu. Karibu zaidi.

Hakuna aliyesema kata.
Neno lenyewe lilikuwa limejaa pale uani:
kata ya kanga iliyosokotwa, iliyobeba ndoo;
ofisi ya kata, ambayo muhuri wake hatukuwa nao;
roho hukatwa, kauli hukatika, maji ya bomba ndiyo usiseme,
ila kinywani mwa Gwakisa halikufika.
Mwisho betri ndiyo iliyokata.

Bi Sikudhani akainua macho, akaona kioo kinamtazama.
"Kumbe mnacheza."
Kisha: "Sasa nani kafa?"
Akatupitia mmoja mmoja, kama anayehesabu chenji.
Gwakisa, Mungu amsamehe, akamwomba arudie.
"Nirudie kufiwa?"
Mchele ukaondoka na mwenyewe. Maji walituachia.
"Mnawe," alisema.

Usiku, Sinza, Ashrafu akiunganisha vipande
akanigeukia: hii ndoo imetoka wapi?
Na hiki kiduara cha kanga, chekundu na njano,
mbona kimekaa mkekani sini nzima ya kumi na tano?

Kazi yangu ni kuviona vitu vya namna hiyo na kuviondoa.
Nikafungua daftari. Mwandiko ni wangu, saa tisa kasoro:
Ndoo: imejaa, haikumwagika.
Kata: ibaki.